Vichupa Vitatu vya Maji Tamu

Ukitaka kunijua vizuri, niamshe Jumamosi asubuhi unipe nguo za watu wanne nizifue kwa maji ya chumvi. Hapo utamwona Naliaka halisi. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi, na sijui kama ni utani.

Hapa Kitengela, mtaani kwetu Chuma Mbili, maji ni ya aina mbili. Kuna maji ya chumvi, yanayoletwa mlangoni kwa mkokoteni. Hayo ni ya kufulia, kuoga na kupiga deki. Sabuni yenyewe huyakataa, na ukipikia maharagwe, gesi itaisha kabla hayajaiva. Halafu kuna maji tamu. Mwalimu wa Kiswahili hutukumbusha kila siku kwamba tuseme "maji matamu", lakini mtaani nani ana muda huo? Ukifika kwa muuzaji unauliza tu, "Ni ya chumvi ama ni tamu?" Akisema ni tamu, unajaza mtungi unaenda zako. Hakuna anayeuliza swali la pili. Nakueleza haya mapema kwa sababu neno hilo moja, tamu, lilinitia aibu ambayo nikiikumbuka hata sasa masikio yangu hupata moto.

Muhula huo nilikuwa Gredi ya Nane, na mimi na Mbugua tulikuwa tukifanya utafiti wa maonyesho ya sayansi. Mbugua ni mwenzangu wa dawati. Alikulia kwa nyanya yake, mbali huko ndani ya Kajiado, wakinywa maji ya kisima kimoja miaka yote. Meno yake ni ya kahawia, yana madoa na vishimo vidogo. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Kuna mvulana wa darasa letu, Sydney, ambaye siku moja alimwuliza mbele ya watu wote, "Wewe, unapiganga mswaki na matope?" Darasa likacheka. Nilimrukia Sydney na nikaadhibiwa kuokota takataka wiki nzima. Sikujuta hata kidogo.

Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Kavutha, alitueleza kwamba yale si uchafu. Ni madini yanayoitwa floraidi. Yakiwa kidogo ndani ya maji hayana shida, tena husaidia meno. Yakizidi, mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi huharibikiwa nayo kabla hata hayajaota. Yakizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

"Na mswaki hauondoi?" Mbugua aliuliza.

"Hauondoi."

"Na ukichemsha maji?"

"Ukichemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Tena huwezi kuionja wala kuinusa. Dawa yake ni kupima tu."

Mbugua aliandika jibu hilo na kulipigia mstari chini. Jioni hiyo aliniambia, "Tupime maji ya Chuma Mbili." Hivyo ndivyo utafiti wetu ulivyoanza. Wazo lilikuwa lake, na sitaki mtu adhani lilikuwa langu.

Mwalimu Kavutha alituazimia vifaa kutoka maabara ya chuo kimoja kule Kajiado mjini. Lilikuwa sanduku dogo lenye vichupa kumi na viwili vya dawa na kadi ya rangi. Unatia maji ndani ya kichupa, unatikisa, unasubiri dakika tano, kisha unalinganisha na kadi. Yakibaki ya waridi, floraidi ni kidogo. Yakigeuka manjano, ni nyingi. Kadi ilikuwa na namba kuanzia sifuri hadi tano, na Mwalimu alitufundisha kwamba maji ya kunywa yasizidi moja na nusu.

"Mna sehemu nne za kuchota maji, na vichupa kumi na viwili," alisema. "Kwa hivyo kila sehemu ni mara tatu. Si mara moja na kukisia mbili. Vichupa vikitumika, mniletee vyote, chuo kinavihesabu. Na daftari hili mkikosea kuandika, msifute, msirarue karatasi. Pigeni mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, kisha muandike tarehe na mtie sahihi. Mnanisikia?"

Tulimsikia. Tulipima maji ya bomba, ambayo huja mtaani Jumanne na Ijumaa pekee. Tukapima maji ya chumvi ya mkokoteni. Tukapima maji ya mvua ya tangi la kanisa. Yakabaki ya kioski cha Mzee Wainaina.

Mzee Wainaina alikuwa amechimba kisima kirefu nyuma ya nyumba yake na kufungua kioski. Ubaoni aliandika kwa rangi ya buluu, MAJI TAMU SANA. Na kweli hayakuwa na chumvi. Watu walifurahi, maana yalipatikana kila siku.

Jumamosi ya kuyapima, Mbugua alikuwa Kajiado mjini kwa shangazi yake. Alikwenda maktaba kutafuta ripoti za zamani za maji ya sehemu yetu. Alisema msimamizi wa maktaba, Bwana Ezra, alikuwa amemwambia kuna maboksi ya ripoti za wachimba visima ambayo hakuna aliyeyafungua kwa miaka. Mimi niliona ni kujisumbua. Ripoti za nini wakati tuna dawa ya kupima?

Kwa hivyo nilibaki peke yangu, na nguo za watu wanne, na maji ya chumvi. Nilifua mpaka saa saba. Vidole vilikuwa vimekunjamana, mgongo unauma, na Mama alipopita akaniuliza kama kola ya shati la Baba ndiyo nimeiita safi. Niliirudia. Nilipofika kioskini kwa Mzee Wainaina nikiwa na sanduku langu la sayansi, foleni ilizunguka ukuta. Nilisimama karibu saa nzima. Nilipokaribia mfereji, mwanamume mmoja akaja na mkokoteni wa mitungi ishirini, akapita moja kwa moja mbele yangu.

"Wewe! Kuna laini hapa!" nilifoka.

"Toto, enda nyumbani ukacheze," akanijibu bila kunitazama.

Sikuwa nataka mengi. Kikombe kimoja tu! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kitabu cha shule, wanawake wa foleni wakanikaripia mimi badala yake, nami nikageuka nikaenda zangu. Mama mmoja alinionea huruma akanipa funda la maji kutoka mtungi wake. Nikanywa. Yalikuwa matamu kama ya bomba.

Nyumbani nilikaa kitandani, nikafungua daftari. Nilijiambia, tamu ni tamu. Maji ya bomba ni tamu, na yalitoa sifuri nukta tano. Haya pia ni tamu. Yatakuwa nini kingine? Nikaandika, sifuri nukta tano. Nikaandika tena, sifuri nukta tano. Namba ya tatu niliifikiria kidogo, kisha nikaandika moja, ili zionekane kama za kweli.

Soma hiyo tena. Nilijua kabisa ninalofanya. Vichupa vitatu vilivyobaki nikavisukuma ndani ya soksi yangu ya michezo, nyuma ya kabati.

Tulishinda. Kwenye maonyesho ya kaunti ndogo tulikuwa wa kwanza, tukachaguliwa kwenda ngazi ya kaunti kule Kajiado. Mwalimu mkuu alitaja majina yetu gwarideni. Mama alilibandika jedwali letu jikoni, akasema hakuna haja ya kungoja bomba la Jumanne na Ijumaa wakati maji ya Mzee Wainaina ni salama vilevile. Tangu siku hiyo tulinywa maji hayo. Ndugu yangu Lennox, mwenye miaka sita, ambaye alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na kutembea mtaani akiwaonyesha watu pengo, aliyanywa kila siku. Mama akamwambia jirani yetu Shirleen, aliyekuwa na mtoto mchanga, "Tumia hayo maji kukorogea mtoto maziwa. Naliaka ameyapima mwenyewe."

Halafu tangi la shule likakauka. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba Ijumaa wazazi wangekutana kukubaliana kuvuta mfereji kutoka kisima cha Mzee Wainaina mpaka shuleni. Watoto mia tisa. Ripoti yetu ndiyo ingesomwa.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Mbugua alinivuta nyuma ya madarasa. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Bwana Ezra ametuma hii na shangazi," alisema. "Alifungua maboksi yote. Ni ripoti ya kisima kilichochimbwa zamani kwenye shamba lililopakana na la Mzee Wainaina. Kina urefu karibu sawa. Soma hapo."

Nilisoma. Floraidi, nne nukta nane. Walikifunga.

"Hicho ni kisima kingine," nilisema.

"Najua. Lakini ni jirani kabisa. Na sisi tulipata nukta tano." Alikohoa. "Naliaka, nimekuwa nikipanga vichupa vya kurudisha. Viko tisa. Vingine vitatu viko wapi?"

Damu ilinipanda kichwani. "Vilivunjika."

"Vyote vitatu?"

"Sasa unaniita mwongo? Wewe ulikuwa Kajiado umekaa kwenye kiti unasoma makaratasi, mimi niko juani kwa foleni, halafu unakuja kuniuliza maswali kama polisi! Ungekuja upime mwenyewe!"

"Sijakuita mwongo. Nimeuliza vichupa."

"Toka hapa, Mbugua! Una wivu tu!"

Wivu wa nini, hata mimi sikujua. Nilikuwa natafuta neno lolote la kumtupia. Mbugua alifunika mdomo kwa mkono, kama kawaida yake. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Aliondoa mkono mdomoni, akafungua kinywa wazi kabisa, akanisogezea uso mpaka nikayaona meno yake yote, yale madoa na vile vishimo, na jino moja la pembeni lililomeguka.

"Angalia," alisema kwa hasira. "Nyanya pia aliambiwa ni maji tamu."

Akaondoka na karatasi yake. Nilipiga ukuta kwa ngumi nikaumia vidole. Siku nzima nilikuwa na hasira na Mbugua, na Bwana Ezra wa maktaba na maboksi yake, na yule mtu wa mkokoteni, na maji ya chumvi, na Mama na kola yake. Nilihesabu kila mtu. Mmoja tu nilimruka.

Nilipofika nyumbani, Lennox alikuwa amesimama jikoni. Alikuwa ameshika kikombe chake cha bati kwa mikono miwili, anakunywa kwa pupa kama anavyokunywa akitoka kucheza. Aliteremsha kikombe akanichekea, na pale kwenye pengo nikaona ncha nyeupe ya jino jipya inachungulia.

Sikupanga. Nilikipiga kile kikombe kikaruka, kikagonga jiko, maji yakamwagika sakafu nzima. Lennox akaangua kilio. Mama akatoka chumbani mbio.

"Naliaka! Umerukwa na akili? Mtoto amekufanya nini?"

"Asinywe!" nilipiga kelele. "Hayo maji asinywe!"

"Si wewe mwenyewe ulisema ni salama?"

"Sikupima!"

Mama alimvuta Lennox karibu naye. "Sema tena," akasema polepole.

Nikasema tena. Nilimwambia yote, foleni, mkokoteni, funda moja la maji, namba tatu za uongo, soksi. Nilidhani angepiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Mama akipandwa na hasira ya kweli sauti yake hushuka.

"Nilienda kwa Shirleen," alisema. "Nikaingia kwa nyumba yake, nikashika mtungi wake wa maji ya bomba nikamwambia amwage, atumie ya Wainaina. Mtoto wa miezi minne. Nilimwambia kwa jina lako. Unanisikia? Kwa jina lako wewe, Naliaka." Akabandua jedwali letu ukutani, akalikunja. "Mimi sikuzaa mtu wa kuandika maji ambayo hajapima. Kwa Shirleen tunaenda saa hii, na utaongea wewe. Kesho twende kwa mwalimu wako."

Kwa Shirleen sitaki kusimulia. Alilia, kisha akamwaga maji, na hakunitazama usoni.

Asubuhi ya Alhamisi tulimkuta Mwalimu Kavutha maabarani. Niliweka vile vichupa vitatu mezani mbele yake. Havikuwa vimefunguliwa. Mama alisema, "Mwalimu, huyu ana neno," kisha akatoka nje akanisubiri.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, na nilimwona akikifunga kifungo kimoja, akakifungua, akakifunga tena.

"Mwalimu, nina wazo," nilisema haraka. "Nipime leo. Nibadilishe namba kwenye ripoti kabla ya kesho. Tuseme kulikuwa na hitilafu kidogo. Mfereji hautavutwa, hakuna atakayeumia, na hakuna atakayejua."

"Hitilafu!" Alipiga meza vichupa vikaruka. "Hitilafu ni kifaa kikiharibika. Hitilafu ni macho yakisoma rangi vibaya. Wewe hukusoma vibaya, Naliaka, wewe hukusoma kabisa! Ukapanga na ile namba ya tatu iwe tofauti ili nisikushuku! Kisha unataka nikusaidie kufunika?"

Nililia. Nilikuwa na hasira hata na machozi yenyewe.

"Mimi nilifanya kazi maabara ya hospitali miaka sita kabla ya kuwa mwalimu," aliendelea. "Daktari hakuwa ananijua. Mgonjwa hakuwa ananijua. Walikuwa wanaona namba niliyoandika, basi, na kwa hiyo namba mtu anapewa dawa. Kesho utasimama mbele ya wazazi, na utasema ulivyoniambia mimi. Hivyo vichupa usivifungue. Utavifungulia huko."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mzee Wainaina alikuwa amekaa mbele, amevaa koti la suti na kofia, anasalimiana na kila mtu. Mwalimu mkuu alipotangaza kwamba watafiti wetu hodari wangesoma matokeo, watu walipiga makofi. Mbugua alisimama kando ya ukuta amekunja mikono. Alikuwa hajaniongelesha tangu Jumatano.

Nilipanda jukwaani.

"Ripoti yetu ina namba tatu za uongo," nilisema. "Ni za maji ya Mzee Wainaina. Niliziandika mimi. Mbugua hakujua. Sikupima hayo maji. Niliyaonja tu, nikasema kwa sababu ni tamu, ni salama."

Makelele yalianza nyuma yakaja mbele. Mzazi mmoja akauliza kwa sauti tunafundishwa nini siku hizi. Mzee Wainaina akasimama, uso umemwiva.

"Huyu mtoto ananiharibia jina!" alifoka. "Mwezi uliopita maji yangu ni safi, leo ni mabaya? Nani amemtuma? Mimi nakunywa hayo maji! Wajukuu wangu wananywa hayo maji!"

"Sijasema ni mabaya, mzee," nilijibu, na kwa mara ya kwanza siku hizo sikuwa nafoka. "Nimesema sijui. Niko na vichupa vitatu vilivyobaki. Naomba wewe mwenyewe uchote maji. Mimi sitaki kuyagusa."

Alinitazama kwa dharau, akamtuma mjukuu wake kioskini. Mtungi ulipoletwa aliufungua mwenyewe, akajaza mwenyewe vichupa vyote vitatu chini ya macho ya Mwalimu Kavutha. Kimoja alikishika yeye. Kimoja akapewa Mama. Cha tatu Mwalimu alinyoosha mkono akampa Mbugua. Wakatikisa. Tukangoja dakika tano.

Hujui urefu wa dakika tano mpaka uzingoje mbele ya watu mia mbili waliokukasirikia. Dawa ilikuwa ya waridi. Ikawa kama chungwa. Kisha rangi ya waridi ikaisha kabisa, na ndani ya vichupa vyote vitatu ikabaki manjano tupu. Mwalimu alipeleka kadi kwa Mzee Wainaina kwanza. Mzee alivaa miwani. Alikisogeza kichupa chake kwenye kila rangi ya kadi, kuanzia mwanzo, pole pole, mpaka akafika mwisho.

"Ni hii ya mwisho," alisema.

"Ni namba gani, mzee?" akauliza Mwalimu.

"Tano."

Mama akasema tano. Mbugua akasema tano. Mzee Wainaina aliketi. Mjukuu wake, msichana wa miaka kama saba, alikuwa bado ameegemea mtungi, na yule mzee akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akayatazama meno yake pale pale mbele ya watu wote.

"Waliochimba waliniambia ni tamu," alisema, si kwa kufoka tena. "Na mimi nikaonja. Sikuuliza kingine."

Mfereji haukuvutwa. Wazazi walikubaliana kununua matangi mawili ya kukinga maji ya mvua kutoka paa la ukumbi, na Jumanne na Ijumaa kuyaongezea maji ya bomba. Wiki iliyofuata Mzee Wainaina alipaka ubao wake rangi upya. Sasa umeandikwa, MAJI YA KUFULIA NA KUOGA. YA KUNYWA USICHUKUE HAPA. Sabuni inatoa povu vizuri sana kwa maji yake, kwa hivyo foleni bado iko, na mimi husimama humo Jumamosi.

Kajiado hatukwenda. Mwalimu Kavutha aliuondoa utafiti wetu mashindanoni siku ile ile. Mbugua alikuwa ameshanyoosha sare yake ya safari. Nilimwomba msamaha akaniambia, "Bado nimekukasirikia," na hiyo ilikuwa haki yake.

Jumatatu Mwalimu alituita maabarani. Daftari lilikuwa wazi kwenye ule ukurasa wangu. Nilishika karatasi pembeni nikauliza kama naweza kuirarua.

"Thubutu!" alisema. "Niliwaambia nini siku ya kwanza?"

"Mstari mmoja. Lisomeke."

"Basi."

Nilichukua rula nikapiga mstari juu ya sifuri nukta tano, na sifuri nukta tano, na moja. Zilibaki zinasomeka zote. Nikaandika tarehe na kutia sahihi. Chini yake Mbugua akaandika tano, tano, tano, pamoja na majina ya watu watatu waliozisoma.

Mwalimu Kavutha alingoja wino ukauke. "Naliaka, hasira zako sitaki uziache," alisema. "Ulipomrukia Sydney kwa ajili ya Mbugua nilikuadhibu, lakini nilikuelewa. Ukiona watoto wanaharibiwa meno na mtu hajali, kasirika. Lakini kazi ukiifanya umekasirika, irudie ukiwa umetulia, na usiandike hata siku moja kwamba umepima kitu ambacho hukupima. Watu hawatakuja kukuuliza ulikuwa umechoka au foleni ilikuwa ndefu. Watakunywa kile ulichoandika."

Kisha Mbugua alilifunga daftari, akaniangalia.

"Kuna kisima kipya kimefunguliwa nyuma ya soko," alisema. "Chuo kimekubali kutupa vichupa vingine. Ukija Jumamosi, tutavihesabu tukianza na tutavihesabu tukimaliza."

"Nitakuja."

"Hata kukiwa na foleni?"

"Hata yule mtu wa mkokoteni akija na mitungi mia," nilisema.

Mbugua akacheka, na mkono wake ukabaki juu ya daftari.